Basi lisilo na dereva: nani atasema "subiri, bibi hajakaa"?

Mwezi Februari 2020, mtaa wa Linden katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, ulipata basi dogo la umeme ambalo halikuwa na usukani wala kiti cha dereva. Linden ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, na nyumba nyingi hazina gari. Mwaka 2016 mji wa Columbus ulikuwa umeshinda shindano la serikali kuu na kupewa dola milioni 40 za kujaribu usafiri wa kisasa, na basi hili lilikuwa sehemu ya majaribio hayo. Lilikuwa la aina ya EZ10, kazi ya kampuni ya EasyMile ya Toulouse, Ufaransa, na lilipangiwa jambo linaloeleweka: kuwatoa wakazi mtaani na kuwafikisha kwenye kituo cha mabasi makubwa. Safari fupi ya kutoka nyumbani hadi kituoni ndiyo inayowashinda wazee, wajawazito na watu wenye mizigo. Nauli haikutozwa.

Wiki mbili hivi baadaye, basi lilifunga breki ghafla. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 11 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Abiria mmoja aliteleza kutoka kitini hadi sakafuni. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikasimamisha ubebaji wa abiria kwa mabasi yote 16 ya aina hiyo, katika majimbo 10. Ruhusa ilikuja kurudi kwa sharti la kufunga mikanda, lakini korona ilikuwa imeshaingia. Mwezi Julai basi la Linden lilirudi barabarani likiwa limebeba maboksi ya chakula, kutoka kituo cha huduma za jamii kwenda kwa familia za mtaa huohuo. Kazi hiyo liliifanya vizuri hadi mwaka uliofuata.

Habari hii kila nikiikumbuka hunirudisha kwenye daladala. Konda amening'inia mlangoni, gari limeshaanza kuondoka, halafu anapiga bati kwa kiganja: "Suka, subiri! Bibi hajakaa." Dereva anashikilia breki. Bibi anashika bomba, anatafuta kiti, kijana mmoja anampisha, konda anapiga bati mara mbili, safari inaendelea. Daladala zetu zina maovu mengi na sitayapamba hapa. Lakini sekunde tano zile ni huduma ya usafiri kamili kama ilivyo kukata kona au kushika njia, na anayezitoa ni binadamu aliyegeuza shingo akaona.

Kwa hiyo ninapopima magari yanayojiendesha, swali langu la kwanza ni hili: zile kazi nyingine za dereva na konda, zaidi ya kushika usukani, zimekwenda kwa nani? Nimegundua kwamba swali hilo linaeleza vizuri zaidi ni wapi mabasi haya yamefaulu na wapi yamekwama, kuliko swali la kama kompyuta inaweza kuendesha. Kuendesha, inaweza.

Tuanze na namna linavyofanya kazi, maana picha za matangazo huficha jambo la msingi. Basi dogo kama EZ10, au Arma la kampuni ya Navya ya karibu na Lyon, halizunguki mji likitafuta njia kama dereva teksi mgeni. Kabla ya kubeba mtu yeyote, wahandisi hulipitisha njia nzima likiendeshwa kwa mkono, vihisi vya leza vikichora kila ukuta, nguzo na ukingo wa barabara. Kutokana na ramani hiyo huwekwa mstari ambao basi litaufuata siku zote, kama reli isiyoonekana. Likiwa kazini hulinganisha kinachoonekana sasa na kilichomo kwenye ramani, na setilaiti hulisaidia kujua lilipo hadi kwa sentimita. Kitu kikiingia mbele yake hupunguza mwendo au husimama. Betri yake ni ndogo, motor yake ni ya umeme, na breki, usukani na mwendo vyote hupokea amri za kompyuta kwa waya. Ndiyo maana mabasi haya karibu yote ni ya umeme: motor hutii amri ndogo ndogo kwa wepesi, njia ni fupi, na usiku gari hulala kwenye karakana likichajiwa.

Reli isiyoonekana ina tabia ya reli. Mtu akiegesha gari juu yake, basi husimama na kungoja. Katika majaribio mengi ya miaka ya 2010 alikuwapo msimamizi ndani ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua kidhibiti cha mkono, kulizungusha basi kando ya gari lililoegeshwa vibaya, kisha kulirudisha kwenye mstari wake. Mji wa Sion nchini Uswisi uliliona hilo mapema. Kuanzia Juni 2016 kampuni ya mabasi ya PostAuto ilipitisha Arma mbili katika vichochoro vya mji mkongwe, kila moja ikichukua abiria 11 kwa mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa. Mwezi Septemba mwaka huohuo moja likagusa mlango wa nyuma wa gari la mizigo uliokuwa umeachwa wazi. Hakuna aliyeumia, huduma ikapumzika kidogo, kisha ikaendelea kwa miaka na kubeba makumi ya maelfu ya watu. Wapita njia walilizoea. Kwangu Sion ni mfano wa heshima: mji mdogo uliokubali kujifunza polepole, msimamizi akiwa ndani wakati wote.

Sasa niende mahali ambapo msimamizi hayupo kabisa na mambo yanakwenda. Huko Capelle aan den IJssel, ubavuni mwa Rotterdam, Uholanzi, vibasi vya umeme visivyo na dereva vilianza kuunganisha kituo cha metro cha Kralingse Zoom na eneo la ofisi la Rivium mwaka 1999. Mwaka huo wengi wetu hatukuwa na simu ya mkononi. Vibasi vile havikuhitaji akili ya ajabu. Sumaku zilifukiwa kwenye lami, gari likawa linazisoma njiani. Siri yake ni barabara: ni ya vibasi peke yao, urefu wake hauzidi kilomita mbili kwa kitu kikubwa, na pale inapokatana na njia za watu kuna vizuizi kama vya reli. Jambo gumu liliondolewa barabarani badala ya kuachiwa kompyuta. Vibasi vya chini ya ardhi na juu ya nguzo kwenye viwanja vya ndege, kama vile vya Terminal 5 ya Heathrow vilivyoanza mwaka 2011, ni ukoo huohuo.

Wapenzi wa teknolojia huwa hawautaji sana mfano wa Rivium kwa sababu hauna msisimko. Mimi nauona kuwa hoja nzito kuliko zote kwa upande wa wanaounga mkono. Unaonyesha kwamba usafiri usio na dereva si ndoto, umri wake unapita robo karne, na watu wazima wenye haraka ya kazini wameupanda asubuhi na jioni bila kufikiria. Unaonyesha pia bei yake, ambayo ni kujenga njia ya pekee.

Korona ilitoa mfano mwingine wa namna hiyo. Mwishoni mwa Machi 2020, hospitali ya Mayo Clinic ya Jacksonville, Florida, ikishirikiana na mamlaka ya usafiri ya mji na kampuni ya Beep, ilianza kutumia mabasi manne ya Navya kubeba sampuli za vipimo vya korona kutoka mahali zilipochukuliwa hadi maabara. Ndani ya gari hapakuwa na mtu. Njia ilitengwa na watembea kwa miguu pamoja na magari mengine. Kila safari iliyofanywa na gari tupu ilikuwa mfanyakazi mmoja wa afya asiyelazimika kukaa na masanduku yenye virusi, katika wiki ambazo barakoa zilikuwa zinagombewa. Sioni ni nani angeweza kulipinga hilo kwa haki. Na kama lile la Linden, gari lilifaulu likibeba kitu kisichoteleza kitini kwa hofu wala kuuliza kituo kinachofuata.

Japani ndiko hoja ya kibinadamu inakopata nguvu. Mji wa Sakai, mkoa wa Ibaraki, una watu takriban 24,000 na hauna kituo cha treni. Wazee ni wengi. Wanaoacha kuendesha kwa sababu ya macho au magoti hujikuta wamefungiwa nyumbani, na kampuni za mabasi hazipati madereva wa kuwaajiri hata zikitangaza nafasi. Tangu Aprili 2024 sheria ya Japani inazuia dereva kufanya zaidi ya saa 960 za ziada kwa mwaka, sheria nzuri kwa afya ya dereva ambayo ilifanya uhaba uonekane wazi zaidi. Sakai ilianza kutumia mabasi ya Navya Novemba 2020, yakiendeshwa na kampuni ya BOLDLY iliyo chini ya SoftBank. Yanapita benki, hospitali, shule na posta, polepole, bure.

Kilichonigusa Sakai ni mji wenyewe. Magari yaliyoegeshwa kando ya barabara, yale yanayolisumbua basi, yalipungua kwa sababu wakazi walikubali kuacha kuegesha hapo. Wenye maduka na viwanja walitoa vipande vya ardhi yao vikawa vituo. Wasimamizi walikaa ndani ya mabasi. Yaani zile kazi nyingine za dereva, kuchunga njia na kumwangalia bibi, ziligawanywa: nyingine zikabaki kwa msimamizi, nyingine zikabebwa na majirani. Basi la aina ileile ambalo kwingine liligeuka maonyesho ya miezi sita, Sakai likawa usafiri.

Mji wa Eiheiji, mkoa wa Fukui, ulikwenda hatua moja mbele. Mwezi Mei 2023, baada ya sheria kubadilishwa Aprili mwaka huo, vigari vya umeme vilianza kubeba watu bila dereva ndani kwenye njia ya kilomita mbili iliyokuwa reli zamani. Mwendo wa juu ni kilomita 12 kwa saa, waya uliofukiwa ardhini unaongoza, na mtu mmoja aliye mbali anaangalia vigari hadi vitatu. Miezi mitano baadaye kimoja kiligusa baiskeli iliyokuwa imeachwa kando ya njia. Ilionekana kwamba mfumo ulikuwa haujafundishwa vya kutosha picha ya baiskeli isiyo na mtu juu yake. Huduma ilisimamishwa hadi Machi 2024. Mtu akisoma haraka atacheka: karibu miezi mitano kwa ajili ya baiskeli? Mimi nawapa heshima. Baiskeli ile ingeweza kuwa kiti cha magurudumu.

Hapa lazima nizungumze juu ya watu wawili wenye ulemavu wa macho, kwa sababu pande zote mbili za mjadala huu zimo katika habari zao.

Wa kwanza ni Steve Mahan, aliyewahi kuongoza kituo cha watu wasioona huko California. Mwezi Oktoba 2015, mjini Austin, Texas, aliketi peke yake ndani ya kigari cha Google kisicho na usukani wala pedali, kikampeleka katika barabara za kawaida. Hakukuwa na mtu mwingine ndani. Mtu aliyenyang'anywa leseni na macho yake alisafiri bila kumwomba yeyote msaada, bila kungoja nafasi ya mtoto wake au huruma ya jirani. Anayesema magari haya ni mchezo wa matajiri inampasa ajibu kwanza kuhusu safari ile. Mimi sina jibu la kuipunguza, na sitaki kuwa nalo.

Wa pili ni mwanajudo wa Japani mwenye uoni hafifu. Tarehe 26 Agosti 2021, ndani ya kijiji cha wanamichezo wa Paralimpiki mjini Tokyo, alikuwa anavuka njia kwa miguu. Basi la umeme la e-Palette la Toyota, linalojiendesha likiwa na mwendeshaji ndani, lilikuwa linakata kona. Lilikuwa limesimama, mwendeshaji akaliruhusu liendelee akidhani mtu yule ameliona na atangoja. Hakuwa ameliona. Vihisi vilimtambua, breki zikafungwa, lakini wakati ulikuwa umeshapita na basi likamgonga. Mwendo ulikuwa mdogo mno, majeraha hayakuwa makubwa, lakini alikosa shindano lake. Miaka ya mazoezi iliishia kwenye kona ile. Akio Toyoda, aliyekuwa rais wa kampuni, aliomba radhi hadharani na kukiri kwamba magari yanayojiendesha bado hayajafikia kutembea katika barabara za kawaida.

Kijiji kile kilikuwa mahali palipotengwa kwa makusudi, pasipo na foleni wala pikipiki, na wakazi wake walijulikana tangu mwanzo kuwa ni watu wenye ulemavu. Kosa lilitokea katika pengo kati ya mashine na mtu: mashine ilimwachia mtu uamuzi, mtu akaona kwamba mvukaji atasimama. Pengo hili ndilo ninaloliogopa kuliko hitilafu ya kompyuta. Las Vegas lilionekana mapema zaidi. Tarehe 8 Novemba 2017, siku ileile basi la Navya lilipozinduliwa kwa shangwe, lori lilikuwa linarudi nyuma kuingia kwenye kichochoro. Basi lililiona, likasimama. Lori likaendelea kurudi nyuma, basi limesimama tu, hadi likaguswa. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilichunguza na kumtaja dereva wa lori kuwa chanzo, lakini ikaongeza kwamba msimamizi wa basi hakuwa na kidhibiti cha mkono karibu. Kilikuwa kimehifadhiwa mahali pa kufungwa. Fikiria mtu anayeitwa mlinzi wa usalama, na chombo pekee kinachomwezesha kusogeza gari kimefungiwa.

Mwaka 2021, mji wa Whitby, Ontario, Kanada, ulikuwa na basi la aina ya Olli. Mwezi Desemba lilitoka barabarani likagonga mti, msimamizi akaumia vibaya sana. Polisi walieleza kwamba wakati huo lilikuwa linaendeshwa kwa mkono. Kuna waliosikia maelezo hayo wakashusha pumzi: kumbe kosa si la kompyuta. Mimi sikuona nafuu yoyote. Gari lililobuniwa lisiwe na dereva hukabidhiwa kwa binadamu nyakati zile mbaya tu, na binadamu huyo hana kiti cha dereva wala usukani wa kawaida. Mwezi uliofuata kampuni ya Local Motors iliyolitengeneza ilifunga milango. Navya nayo iliingia kwenye usimamizi wa mahakama mwanzoni mwa 2023 na kununuliwa na wengine.

Kufilisika huko kuna sababu ya hesabu, na hesabu hiyo imefichwa na neno "bila dereva". Uskoti, kati ya Mei 2023 na Februari 2025, mabasi makubwa ya mradi wa CAVForth yalipita daraja la Forth yakijiendesha kwenye njia ya kilomita 22 hivi. Yalikuwa ya dizeli, kwa hiyo si ya familia ya umeme ninayoizungumzia, lakini somo ni lilelile. Sheria ilidai dereva akae kwenye usukani, na mradi ukamweka mhudumu wa pili wa kukata tiketi na kuzungumza na abiria. Watu wawili kwenye basi lisilo na dereva, wakati basi la kawaida lina mmoja. Mradi ulisimama kwa sababu abiria hawakuwa wengi kama ilivyotarajiwa. Mji wa Jacksonville nao, ambao ulifanya kazi nzuri ile na Mayo Clinic, ulizindua magari yake ya umeme yanayojiendesha katikati ya mji Juni 2025, na ndani ya kila moja aliwekwa msimamizi. Ikiwa mtu bado yumo, na vihisi vimenunuliwa, na ramani inachorwa upya kila barabara inapobadilika, basi akiba iliyoahidiwa itatoka wapi?

Atakayenijibu ataniambia niangalie Waymo, na atakuwa na haki. Kampuni hii iliyotokana na mradi wa Google wa mwaka 2009 ina teksi za umeme aina ya Jaguar I-PACE ambazo ndani hazina mtu isipokuwa abiria. Huduma yake isiyo na dereva ilifunguliwa kwa umma huko Phoenix mwaka 2020, kisha San Francisco, Los Angeles na miji mingine, na kufikia Aprili 2025 teksi zake zilikuwa zinafanya zaidi ya safari 250,000 za kulipiwa kila wiki. Watafiti wa kampuni yenyewe walichapisha uchambuzi wa maili milioni 56.7 bila dereva na kukuta ajali za kuumiza watembea kwa miguu zimepungua kwa asilimia 92 ukilinganisha na madereva wa kawaida katika miji hiyo. Ni utafiti wa mwenye mali, lakini ulipitiwa na wataalamu wa nje kabla ya kuchapishwa, na sioni busara kuupuuza. Kompyuta hainywi pombe. Haisinzii saa kumi alfajiri. Haisomi ujumbe wa simu ikiwa kwenye kivuko cha watoto wa shule. Mtu aliyewahi kusimama kando ya barabara kuu akiangalia basi lililopinduka kwa sababu ya dereva kushindana na mwenzake hawezi kuyasikia maneno hayo bila kutamani.

Lakini hata huko mashine hukutana na mambo ambayo hayakuwamo kwenye mafunzo yake. Oktoba 2023, San Francisco, gari lililoendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke na kumrusha mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise. Teksi ilimgonga, ikasimama, kisha ikajisogeza pembeni kama ilivyofundishwa kufanya baada ya ajali, ikimburuta kama mita sita. Dereva yeyote, hata mbaya kiasi gani, angejua kuna mtu chini. Cruise ilinyang'anywa kibali, na Desemba 2024 kampuni mama yake, General Motors, ikaacha kuufadhili mradi wa teksi hizo baada ya kutumia zaidi ya dola bilioni 10.

Na Desemba 2025, moto kwenye kituo cha kupozea umeme uliiacha sehemu kubwa ya San Francisco gizani. Taa za barabarani zilizimika, na teksi za Waymo zikakwama kwenye makutano, zikisababisha foleni, hadi kampuni ikasitisha huduma. Msomaji wa Dar es Salaam, Kampala au Goma hahitaji kuelezwa taa za barabarani zikizimika mji unaendaje. Kwetu hata zikiwaka, askari wa usalama barabarani anaweza kusimama katikati, akazipuuza, akayaita magari ya upande wenye taa nyekundu kwa kiganja huku akiwazuia wenye kijani kwa macho. Tunamwelewa. Tunamwelewa pia mama anayevuka akiwa ametanguliza mkono kifuani, na bodaboda anayetikisa kichwa kumaanisha "pita wewe". Barabara zetu zinaendeshwa kwa lugha hiyo kuliko kwa michoro ya lami, na lugha hiyo hakuna aliyeichora kwenye ramani yoyote.

Kuna upande wa riziki pia, na siwezi kuupita haraka. Wuhan nchini China, ambako kampuni ya Baidu iliweka mamia ya teksi zisizo na dereva, madereva teksi walilalamika mwaka 2024 kwamba zinawanyang'anya mkate kwa nauli za kutupa. Abu Dhabi, kampuni za WeRide na Uber zilianza kwa kuweka wasimamizi ndani mwishoni mwa 2024, na mwaka mmoja baadaye baadhi ya magari yakawa matupu. Dubai imejiwekea lengo la robo ya safari zote kujiendesha kufikia mwaka 2030. Wanaoendesha Ghuba leo ni vijana wa Asia Kusini na wa kwetu, Wakenya na Waganda waliokopa pesa za wakala ili wafike huko. Lengo la robo ya safari, kwa familia moja ya Kakamega au Masaka, ni ada ya shule.

Hata hivyo siwezi kusema kazi yoyote inayofanywa na mtu ibaki kwa mtu. Katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, mkoa wa Haut-Uélé huko Kongo, mashine kadhaa za kubeba miamba chini ya ardhi hujiendesha zikisimamiwa na mtu mmoja aliyeketi juu, kwenye chumba. Hizo si za betri, lakini ni ndugu wa karibu, na China imeshaonyesha hatua inayofuata: Mei 2025 mgodi wa makaa wa Yimin, Mongolia ya Ndani, ulipeleka kazini malori 100 ya umeme yasiyo na dereva. Chini ya ardhi pana giza, vumbi, joto na mwamba unaoweza kushuka. Hapana bibi wa kuketishwa. Kumtoa mtu humo na kumweka juu akiwa na skrini ni maendeleo ninayoyakubali kwa moyo mzima, mradi huyo aliyetolewa ndiye afundishwe kukalia kiti cha juu, na si mgeni aliyekuja na mashine.

Kwa hiyo nina msimamo, na hauko katikati. Migodini, bandarini, kwenye viwanja vya ndege, ndani ya hospitali kubwa na vyuo, kwenye njia zilizotengwa kweli kweli, gari la umeme lisilo na dereva lina kazi halali leo, na Rivium ni ushahidi wa tangu 1999. Kwa mzee wa Sakai na kwa mtu asiyeona popote alipo, lina kazi kubwa kuliko halali. Kwenye barabara za miji yetu, sioni linatatua upungufu gani tulio nao. Japani wana lami, wana vituo, wana magari, wamekosa watu. Sisi vijana wenye leseni wamejaa vijiweni, na kinachokosekana ni mabasi. Abiria wa Dar es Salaam anayengoja mwendokasi tangu saa kumi na moja asubuhi hajawahi kulalamika kwamba tatizo ni dereva kuwamo.

Fedha za umeme tunazoweza kuzipata leo ziende kwenye basi kubwa la betri lenye dereva anayelipwa mshahara badala ya hesabu ya siku, maana hesabu ya siku ndiyo inayomfanya akimbie kabla mtu hajakaa. Vihisi vya kumwonya vipo na vinauzwa: vya kumwamsha akisinzia, vya kufunga breki mtoto akikatiza, vya kukataa kuondoka mlango ukiwa wazi. Hivyo ningevitaka kesho asubuhi. Na karibu na mlango abaki mtu mmoja mwenye shingo inayogeuka, anayejua kwamba mama mwenye beseni la samaki anashuka kituo kinachofuata na atahitaji mkono.